Soketi za Bwana Safi

Kabla hamjaniita mzee mkorofi, nisikilizeni kwanza. Najua mmeambiwa kwamba nilimkatiza mtu akisoma wasifu wa marehemu, kule Mbololo, jeneza liko mbele yetu na watu wameinamisha vichwa. Ni kweli, nilimkatiza. Hata angekuwa askofu ningemkatiza. Aliyekuwa akisoma ni Righa, mjukuu wa marehemu, kijana mwenye gereji yake pale Voi kando ya barabara kuu, na alichokuwa akisoma ni uongo ambao nimeusikia tangu nikiwa na meno yangu yote.

Marehemu ni Nyambu. Mimi na yeye tulifanya kazi ya ufundi wa magari katika gereji moja Voi, miaka ya hamsini, wakati barabara ya Mombasa ilikuwa bado ya udongo. Alikuwa na jicho moja, na ninyi wa upande wa Mbololo mmekua mkihubiriwa jinsi alivyolipoteza lile jingine: eti alikwenda kazini akiwa amelewa, akavunja chombo kwa uzembe, kikamrukia usoni. Mmefundishwa hivyo tangu shule ya Jumapili. Basi mimi niliyekuwa upande wa pili wa gurudumu lile lile nasema, na nitasema mpaka nizikwe: Nyambu hakuwa amelewa. Kilichomtoboa jicho ni soketi ya kung'aa, kile kikombe cha chuma kinachoshika nati, iliyovishwa kwenye bunduki ya upepo ya kufungulia magurudumu, na aliyeamuru ivishwe hapo alirudi kwao na macho yake yote mawili.

Ngojeni niwaeleze hiyo bunduki, maana wengi wenu ni mafundi, mnaishika kila siku na hamjui inafanya nini. Mnadhani inazungusha nati. Inapiga! Ndani yake mna nyundo inayozunguka na kugonga, gonga gonga gonga, haraka hata sikio halitenganishi pigo na pigo. Unapovuta kifyatuo unaitwanga ile soketi nyundo. Spana ya mkono haiko hivyo. Mkono unavuta polepole, na kwa mkono soketi ya kung'aa haina neno, tena ni nzuri, nyembamba, inaingia mahali pafinyu. Chuma chake ni kigumu. Na hapo ndipo watu wanapodanganyika, wanadhani kigumu ndicho kivumilivu. Glasi nayo ni ngumu, iangushe sakafuni uone.

Soketi ya bunduki ni nyeusi. Ukuta wake ni mnene, na chuma chake kina ulaini kidogo, kinameza kipigo. Ikichoka inapanuka, nati inaanza kuteleza ndani, unajua siku zake zimekwisha, unaitupa. Ile ya kung'aa ikichoka haikwambii kitu. Leo inafungua, kesho inafungua, keshokutwa inapasuka, na vipande vinakwenda vinakotaka.

Sasa mtaniuliza, kama mambo ni rahisi hivyo, mlikuwa wajinga? Tulikuwa na Bwana Safi.

Bwana Safi ndiye Mzungu mwenye gereji. Jina lake jingine halina faida kwenu. Tulimwita hivyo kwa sababu ya usafi wake, ambao ulikuwa kama homa. Kila Jumamosi, kabla ya kuruhusiwa kupanda milimani kwetu, tuliketi chini mafundi wote na vyombo vyetu, tukavisugua kwa jivu na mafuta ya taa mpaka vikatoa mwanga. Kisha vilipangwa juu ya shuka jeupe mbele ya gereji, wasafiri wavione. Voi hiyohiyo mnayoijua, na vumbi lake jekundu linaloingia mpaka kwenye chai! Jumatatu asubuhi shuka lilikuwa rangi ya tofali, naye anapiga kelele lifuliwe.

Na homa ile ilituambukiza. Fundi alipimwa kwa mng'aro wa vyombo vyake. Nyambu alikuwa akichana nywele akijitazama kwenye soketi yake kubwa, anageuza shingo huku na huku, na mimi namwambia, "We Nyambu, hiyo ni soketi ama ni saluni?" Ananijibu, "Wivu tu, Mwakio. Yako ukijitazama unaona nyani." Hakuna fundi aliyekuwa na mkono kama wake. Alikuwa akiigusa nati iliyoganda kwa kidole tu, anakwambia itatoka au itakatika, na ndivyo inavyokuwa. Pombe hakuionja. Baba yake alikuwa ameharibika kwa mbangara, pombe yetu ya kienyeji, akaapa yeye haitapita kooni mwake, na kiapo hicho kilijulikana Mbololo nzima. Shikeni hilo neno.

Basi bunduki ikaja kwa treni, ya kwanza kuonekana kwetu, pamoja na kompresa yake na sanduku la soketi. Tukakusanyika. Bwana Safi akafungua sanduku, akafunua karatasi yenye mafuta, akakunja uso kana kwamba ameletewa panya aliyekufa. Soketi zilikuwa nyeusi titititi. Akasema zimeungua huko kiwandani. Akasema hawezi kuweka takataka ile juu ya shuka lake. Mimi na Nyambu tukapewa mchanga, jivu na brashi ya waya, tuzisugue mpaka zing'ae.

Tukasugua. Mungu wangu, tulisugua! Nyambu anatoka jasho, ananiambia, "Mwakio, hapa tunaosha makaa." Weusi ule ulikuwa ndio ngozi yake, haukuwa uchafu. Bwana Safi alipoona hazitakati, akazitupa kwenye pipa la vyuma vibovu nyuma ya gereji, na akaamuru bunduki itumie soketi zetu za kung'aa, zile zile za shuka. Tundu lilikuwa linaingiana. Mdomo wa bunduki haukuwa na habari kama umevishwa nini.

Nyambu akaokota moja pipani, ile kubwa ya nati za lori, akampelekea mkewe Mkamburi. Kulikuwa na paka pale kwake aliyejifunza kufunua chungu na kula kimanga, muhogo wa kupondwa na maharagwe, cha watu. Mkamburi akaiweka juu ya kifuniko, na paka akakoma. Kwa hiyo chombo cha kiwandani, kilichovuka bahari, kikawa na kazi ya kuzuia paka. Tulicheka sana wakati huo.

Hakukosekana wa kutuonya. Dereva mmoja wa lori, mtu wa Mombasa, aliwahi kupasukiwa tairi karibu na Maungu akaja kwetu. Alipoona tunavyofanya akashika kichwa. "Nyie watu, mwataka kufa? Kule bandarini hizi nyeupe hatuzitii kwenye bunduki abadan. Ziko nyeusi zake." Bwana Safi akamsikia. Akamjibu kwamba bandarini kila kitu ni kichafu, na gereji hii si bandari. Yule dereva akaondoka akitikisa kichwa. Na kwa kuwa hatukuumia siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo, Bwana Safi akawa akimtaja kama mfano wa ujinga wa watu wa pwani.

Hilo ndilo linaloniudhi hata leo. Kosa hili halikuadhibu papo hapo. Linakuacha uzoee. Linakuacha uringe.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua zuri. Lori la mkonge lilitoka upande wa Mwatate, nati za gurudumu la nyuma zimeshikana na udongo na kutu. Nyambu ndiye aliyekuwa na bunduki, amepiga goti, na mimi nilikuwa upande wa pili natengeneza jeki isiteleze. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakataa. Akaisukuma tena, bunduki ikanguruma, na nikasikia mlio kama wa sahani kuvunjika. Haukuwa mlio mkubwa, ndiyo maana sikuinuka mara moja. Kisha Nyambu akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwakio, hebu niangalizie, kuna kitu kimeingia."

Nilizunguka gurudumu nikamwangalia. Sitawaeleza nilichokiona. Miwani ya kukinga macho ilikuwapo gereji nzima moja tu, nayo ilitundikwa ofisini kwa Bwana Safi, safi kabisa, haijawahi kuvaliwa na mtu.

Nikapiga ukelele. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kombo, mpishi wa Bwana Safi, kwa sababu nyumba ilikuwa nyuma ya gereji. Alikuja mbio na chupa ya brandi ya bwana wake na kitambaa cha meza. Hakuna dawa nyingine iliyokuwa karibu, na alikuwa ameona Wazungu wakiosha kidonda kwa pombe. Akalowesha kitambaa, akampangusa Nyambu damu shavuni, shingoni, kwenye shati, brandi inamwagika kila mahali. Alifanya alichoweza. Kisha akasikia viatu vya bwana wake, akaificha chupa chini ya aproni.

Bwana Safi akafika. Na wajukuu zangu, mnajua alifanya nini kwanza? Aliinama akaokota vipande vya soketi! Mtu ameketi chini damu inamtoka, yeye anaokota vyuma. "Nani amevunja soketi yangu?" Halafu ndipo akamsogelea Nyambu, akanusa, akasimama wima. "Huyu amelewa," akasema. "Amelewa saa hizi za asubuhi."

Nikamwambia, "Bwana, hiyo ni brandi yako, ameoshewa damu." Akanigeukia akaniuliza nani ameigusa brandi yake. Nikamtazama Mzee Kombo. Mzee Kombo akatazama chini. Mpishi aliyegusa chupa za bwana alifukuzwa siku hiyohiyo, sote tulijua, na alikuwa na nyumba iliyojaa watoto kule pwani wanaomtegemea. Najua. Nimemwelewa miaka hii yote na sijaacha kumkasirikia. Bwana Safi akaona hakuna wa kuniunga mkono, akaniambia nifunge mdomo au nikatafute kazi Njukini kwa wapanda mahindi.

Nyambu alifukuzwa kazi akiwa bado hospitalini. Na habari ikatangulia kwao kabla yake. Bwana Safi aliisema stesheni, akaisema madukani, akamwambia kila mwenye lori aliyesimama kutia maji, kwamba fundi wake mlevi amevunja chombo. Nani atakataa? Mwenye gereji amesema, na baba yake Nyambu alikuwa mtu wa mbangara, kwa hiyo watu wakaona inaingiana. Nyambu aliposhuka kwenye gari Mbololo, na kichwa kimefungwa bandeji, mama mmoja wa kanisa alimwambia, "Pole mwanangu. Sasa utaacha?"

Wazee wa kanisa wakamwita. Kwetu wakati ule jambo kama hilo halikuachwa lipite. Nilipanda kilima kwenda kumtolea ushahidi, nikaeleza yote, bunduki, soketi nyeusi, brandi. Wakanisikiliza kwa heshima. Wakatuma mtu Voi kumuuliza Mzee Kombo, naye akajibu hakuona kitu. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwakio, mafundi wa gereji mnalindana. Si vibaya, ni upendo. Lakini si ukweli." Nilitamani kulia. Wakaamua Nyambu akae kando na Meza ya Bwana, asipokee mkate wala divai, mpaka atubu mbele ya watu.

"Nitubu nini?" akawauliza.

"Ulevi."

"Sikulewa."

"Basi utakaa nyuma."

Akakaa nyuma. Wangapi kati yenu mngeweza? Angesema neno moja tu, samahani, yakaisha. Hakulisema. Alikuja kanisani kila Jumapili, suruali imepigwa pasi, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, na siku ya Meza, Mkamburi akaenda mbele peke yake huku wanawake wenzake wakimtazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomwumiza Mkamburi kuliko matusi. Kazi, Nyambu alipata yake mwenyewe: baiskeli, taa za karabai, cherehani za watu, chini ya mabati pale sokoni, kwa jicho lile moja.

Bwana Safi alipofunga virago kuondoka, Nyambu alishuka Voi kwa miguu kumwona. Mimi nilikuwapo. Alivua kofia akamwambia, "Bwana, sitaki kitu. Mwambie tu mchungaji kwamba sikuwa nimelewa." Bwana Safi akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Akasema, "Bado unalisema hilo?" Akaingia kwenye gari.

Miaka mingi baadaye akaja mchungaji mwingine, kijana mzuri, akamrudisha Nyambu kwenye Meza bila kumuuliza lolote. Alidhani anatenda wema. Jioni yake Nyambu aliniambia, "Wamenisamehe, Mwakio. Kosa ambalo sikulifanya, wamenisamehe." Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa unavunja njiti za kiberiti moja baada ya nyingine. Na toka hapo ikawa mbaya zaidi, maana sasa alikuwa mfano. Kila semina ya vijana kuhusu pombe, mhubiri anasema, "Mtazameni Mzee Nyambu, jicho lilikwenda, lakini neema ikabaki." Naye ameketi pale pale anasikia!

Sasa tuje kwenu, mafundi wa leo. Majuma machache kabla ya msiba nilipita gereji ya Righa, gari la mwanangu lilikuwa linapiga kelele gurudumu la mbele. Nikamkuta amechuchumaa na bunduki, na mdomoni mwa bunduki soketi inameremeta kama kijiko cha harusi.  Nikamwambia, "Righa, itoe hiyo." Akacheka. "Mzee Mwakio, hii ni original bana. Nimetumia mwaka mzima na haijafanya kitu." Nikamwambia hata yetu haikufanya kitu, mpaka ikafanya. Akasema nyeusi haziko tao, akanipa kiti, akaagiza nipewe soda. Soda! Babu yake mwenyewe yuko nyumbani na jicho moja, na mimi napewa soda.

Basi kwa kuwa mnapenda kuambiwa kwa ufupi, shikeni hili. Ya kung'aa ni ya mkono, nyeusi ni ya bunduki, na tundu kuingiana si ruhusa. Ipangusie mafuta soketi yako kila asubuhi uitazame mwangani, utafute ufa mwembamba kama unywele. Itundike kwenye uzi uigonge na msumari: nzima inalia kama kengele, yenye ufa inalia kama kopo. Vaa miwani. Ukiambiwa nyeusi hakuna tao, yaani mjini, kaa na spana ya mkono utoe jasho, hakuna aliyekufa kwa jasho. Na mwenye gereji akikulazimisha, mwache avishe yeye, ashike yeye, uso uwe wake.

Nirudi kwenye mazishi. Hema lilijaa, vipaza sauti vinakoroma, Righa anasoma vizuri, kijana ana sauti. Kuzaliwa, shule, ndoa. Kisha akasoma: "Katika ujana wake babu alitekwa na pombe, hata akapoteza jicho kazini. Lakini Mungu hakumwacha." Watu wote wakaitikia, "Amina!"

Ile amina ndiyo iliyoniinua. Nilisimama na fimbo yangu nikasema, "Uongo!" Msimamizi wa shughuli akanifuata mbio, "Mzee, tafadhali kaa." Nikamwambia sikai. Nikawaeleza, kwa sauti yangu hii iliyokauka, yote niliyowaeleza ninyi hapa. Mchungaji akaja taratibu akanishika bega: "Mzee Mwakio, tunakuheshimu, lakini huu si wakati wake."

"Wakati wake ni upi?" nikamuuliza. "Akishafukiwa?"

Hapo ndipo Mkamburi alipoinuka. Mwanamke huyo hajawahi kusema neno mbele za watu maisha yake yote. Akasema, "Mwacheni," kisha akaondoka, akaenda zake jikoni na kanga zake za msiba, watu wakimwangalia, hakuna anayejua afanye nini. Akarudi ameshika kitu kwenye kiganja. Ilikuwa ile soketi, imeshika masizi ya miaka yote. Akaiweka mkononi mwa Righa.

"Hii umeiona juu ya chungu changu tangu ukitambaa," akamwambia. "Uliwahi kuniuliza ni ya nini?"

Righa ni fundi, hilo siwezi kumnyima. Aliigeuza mara moja, akapitisha kidole kwenye tundu la mraba, akapima unene wa ukuta kwa kucha. Niliona uso wake ukibadilika kabla hajafungua mdomo. "Bibi," akasema, "hii ni ya bunduki. Ya nati za lori."

"Ndiyo hiyo. Babu yako aliambiwa haifai kwa sababu haing'ai."

 Mkono mmoja wa kijana una karatasi, mwingine una soketi, na vidole vyake vimeingia masizi. Kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akakisogelea kipaza sauti, akasema bila kusoma popote, "Babu yangu hakuwa amelewa."

 Nikamsikia Mkamburi akisema, "Amina," peke yake, na mimi nikaketi.